Ng'ombe wa Udongo

Jumatatu ile walikuja watoto wawili tu, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa Mkipsigis.

Mmoja alikuwa Steve, mtoto wa dada yangu, ambaye angekuja hata kama kanisa lingekuwa linaungua, kwa maana mama yangu humsindikiza mpaka mlangoni akiwa na kijiti mkononi. Wa pili alikuwa Phelix, mtoto wa Gekara, yule karani Mkisii anayepima majani chai kwenye banda la barabarani. Wale wengine wote, ambao Ijumaa walikuwa wakining'ang'ania sketi hata nikashindwa kufika mlangoni, hawakuonekana. Nikasimama nje nikitazama barabara ya udongo mwekundu mpaka inapopotelea kwenye mashamba ya chai. Ukungu ulikuwa umelala. Nikajiambia, ni baridi hii. Mwezi wa saba hapa Chepseon hata mtu mzima hutoka kitandani kwa kubembelezwa.

Jumanne ukungu haukuwepo, jua likawaka vizuri, na wakaja wale wale wawili. Hapo nikajua si baridi.

Mimi ni Wanjuhi, binti Nganga mwenye duka la sukari na mafuta ya taa. Nimezaliwa Chepseon, na meno yangu ya utoto yalitupwa juu ya paa la Chepseon. Lakini mwaka wa tisini na mbili, vurugu za makabila zilipokuja, sisi Wakikuyu tulitoka na nguo tulizolalia, na tuliporudi tulikuta duka limebaki kuta. Baba akaezeka upya. Hakuna aliyetuambia karibuni, na hakuna aliyetuambia tokeni. Watu walikuja tu kununua chumvi wakatuuliza habari za safari, kana kwamba tulikuwa tumekwenda harusini. Mpaka leo sijui kama ule ulikuwa wema au aibu. Baba naye hakuuliza, ila tangu siku hiyo kanisani hukaa kwenye benchi la mwisho, karibu na mlango.

Mwaka wa tisini na tano Mzee Johana, mwenyekiti wa kanisa letu la mabati, akaja dukani akasema kanisa linataka darasa la watoto wadogo, na kwa kuwa mimi nimemaliza kidato cha nne na nimesomea ualimu wa nasari, darasa ni langu. Nilikubali kabla hajamaliza kuongea. Nitasema ukweli: nililia pale nyuma ya magunia ya sukari. Mtu hapewi watoto wa watu kama haaminiwi.

Vitabu sikuwa navyo. Nilikuwa na Biblia, mto na udongo. Siku ya kwanza nikawapeleka watoto mtoni, nikawaambia Mungu alipotaka kumuumba mtu hakwenda dukani, aliinama akachukua udongo. Basi nanyi inameni. Wakainama. Waliumba nyumba, vyungu, wachungaji, Nuhu na wanyama wake, na simba mmoja aliyefanana na viazi. Tulimsimulia Mungu kila tulichoumba, kisha tukakianika juani.

Alikuwepo mtoto aliyeitwa Kipkurui. Tangu aje darasani sikuwa nimesikia sauti yake. Ukimuuliza jina, anatazama vidole vya miguu. Lakini mikono yake! Kipkurui alikuwa akiumba ng'ombe wenye nundu, wenye kiwele, hadi unaona huyu amechoka na yule ni mkorofi. Siku moja aliumba ng'ombe wote wa kwao, akawaweka mbele yangu bila neno. Nilifurahi kupita kiasi. Nikawapanga juu ya benchi, nikaimbisha darasa zima, "Moja! Mbili! Tatu!" tukipiga makofi mpaka mabati yakalia. Kisha Nelvine akaumba ndugu zake, nao tukawahesabu kwa makofi. Kimeli akaumba mbuzi. Nikaona hesabu sasa imeshika. Nikawatangazia kwamba Jumapili ya wazazi kila mtoto atasimama mbele ya kanisa na mifugo yake na ndugu zake wa udongo, kanisa lote lihesabu kwa sauti, na mwisho tuhesabu watoto wenyewe, mmoja mmoja, ili kila mtu aone tulivyokuwa wengi.

Wiki hiyo ndama wa kwao Kipkurui akafa. Nilituma pole. Ndama hufa.

Na sasa benchi zilikuwa tupu, na safina ya Nuhu imekauka na kupasuka, na Phelix ananiuliza, "Mwalimu, wengine wamepelekwa wapi?"

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sifichi. Jumatano nikawaacha Steve na Phelix kwa mama yangu, nikatoka kwenda kuwatafuta wanafunzi wangu. Wa kwanza kukutana naye alikuwa Janeffer, mama yake Kipkurui, akitoka kuchuma majani, kikapu kimejaa mgongoni.

"Chamgei, Mwalimu!" akanisalimu huku anacheka na meno yote.

"Chamgei, Mama Kipkurui. Mtoto yuko wapi?"

"Kipkurui? Iko tu."

"Ni mgonjwa?"

"Hapana. Iko na paridi kidogo."

"Baridi ya mafua?"

"Paridi tu." Akashusha kikapu. Chini ya majani, penye kanga, akatoa kibuyu. "Nilikuwa nakuletea hii mursik. Mama yako anapenda. Mwambie hii ni ya ng'ombe yetu mpya."

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaenda zake. Nikabaki barabarani na kibuyu cha maziwa ya mgando, sijui nishukuru au nikivunje. Mtu anayekuchukia hakuletei maziwa. Lakini mtu anayekupenda hakufichi mtoto.

Kwa akina Nelvine niliambiwa mtoto amekwenda Kiptere kwa nyanyake. Mama yake alikuwa bado anasema hivyo, Nelvine akachungulia kutoka kwenye ghala la mahindi, akaniona, akafurahi, akapunga mkono. Mkono mwingine ukamvuta ndani. Mama mtu hakugeuka. "Kiptere ni mbali," akasema, "atakaa." Kisha akaniuliza kama nimekula. Kwa akina Kimeli baba yake alisema mtoto hana viatu. Viatu! Kimeli hajawahi kuvaa kiatu tangu azaliwe, wala darasa zima halina viatu isipokuwa Steve, na Steve huvivua akifika ili afanane na wenzake. Naye baba Kimeli akanifungia mzigo wa kuni, akasisitiza kunibebea mpaka njia panda.

Nilirudi nyumbani na maziwa, kuni, na kichwa kinachouma.

Baba alikuwa akifuta mizani ya duka. Huniita maitu, yaani mama yangu, kwa sababu nimebeba jina la mama yake. "Maitu," akasema, "nani wamebaki darasani?"

"Steve na Phelix."

Akaweka kitambaa chini. "Mkikuyu na Mkisii."

"Baba, wamenipa maziwa. Wamenipa kuni."

"Hata mwaka ule kuna aliyetuletea maziwa jioni. Asubuhi hatukuwa na paa."

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na sisi tulikuwa tumeumwa. Baba hakupaza sauti. Alieleza taratibu kwamba binamu yake wa Molo ana lori, na lori hilo litafika Jumatatu. Kama Jumapili ya wazazi ingefika bila watoto kurudi, Jumatatu tungepakia na kuondoka Chepseon moja kwa moja. "Mara ya kwanza niliondoka gizani kama mwizi," akasema. "Mara hii nitaondoka mchana, na vitu vyangu, na nitafunga mlango mwenyewe." Turubai na kamba zilikuwa tayari kwenye kona.

Nyuma ya nyumba nilimsikia mama akiwaingiza kuku bandani, akisema kwa Kikuyu kama kila jioni, "Saba, nane, tisa, tisa iliyojaa." Ni mazoea yake. Alikuwa akiwapima kwa macho kama wataenea kwenye tenga la safari, na sauti yake ilikuwa imekauka. Nikaingia ndani nikalia kwa hasira, maana sikujua ni nani wa kumkasirikia.

Alhamisi nikamwendea Mzee Johana. Kama kuna mtu angejua, ni yeye. Alinikaribisha kiti, akaniita binti yangu, akaanza kuzungumza juu ya mvua ya mawe iliyotoboa majani upande wa Kapkatet. Akamaliza ya mawe akaingia kwenye dawa ya kupe. Nami nikangoja, nikangoja, mpaka nikakatiza.

"Mzee, watoto wangu wako wapi?"

Akakohoa. Akatazama paa. "Mwalimu, wewe unajua Piplia kuliko sisi. Mfalme Daudi alikuwa mtu mzuri. Mungu alimpenda. Lakini iko siku moja Daudi alifanya kitu Mungu hapendi, na watu wakakufa."

"Kitu gani?"

"Wewe soma tu. Hatuna upaya na wewe. Soma tu, halafu ngoja kidogo, mampo itakuwa sawa."

Basi mimi nikatembea mpaka nyumbani nikimfikiria Daudi, na Daudi ninayemjua mimi akifanya jambo baya, anafanya na mke wa mtu. Damu ikanipanda. Kumbe wananisema! Kumbe kuna mtu amenisingizia mume wa mtu, na ndiyo maana wanawake wananipa maziwa huku wakinificha watoto! Nikapekua akilini wanaume wote niliowahi kusimama nao. Nikampata Gekara. Mvua moja kubwa alinibeba kwa baiskeli kutoka sokoni.

Gekara alikuwa kazini, ndoano ya mizani mkononi, foleni ya wachuma chai mbele yake. Sikungoja.

"Wewe Gekara! Umesema nini juu yangu na baiskeli yako?"

"Mimi?" Ndoano ikabaki hewani. "Mwalimu, ile siku ni mke wangu, Phelis, aliniambia nikubebe! Muulize! Hata alinipa mwavuli!"

Foleni nzima ilikuwa imenyamaza, vikapu mgongoni, watu wanasikiliza kwa raha zao. Nikaona aibu ikinitambaa shingoni. Gekara akanivuta kando, mtu mpole yule, akaniambia hajasikia neno lolote baya juu yangu. "Mimi pia hawa watu huwa siwaelewi," akasema. "Majani yao wanataka nipime mbele ya macho yao. Lakini nikimuuliza mtu una watoto wangapi, anatazama mbinguni, ananiambia ni wale Mungu amenipa."

Nilimsikia, lakini sikumsikiliza. Nilikuwa nafikiria lori.

Ijumaa nilikaa darasani na wale wawili. Phelix akaumba lori. Sikumwambia aumbe lori.

Jumamosi jioni nikasema potelea mbali. Kama ni kufukuzwa, nifukuzwe kwa maneno, nisifukuzwe kwa mursik. Nikapanda njia ya kwa akina Kipkurui, nikiwa nimejipanga maneno makali. Nilipokaribia nikasikia sauti ya mtoto, kubwa, yenye amri, ikipita juu ya majani chai. Sikuitambua. Nikazunguka ua, na nani alikuwa ameketi juu ya nguzo ya lango la zizi kama chifu? Kipkurui. Ng'ombe walikuwa wanarudi kutoka mtoni, naye anawaita mmoja mmoja kila anayepita.

"Chelel!" Akapita yule mweupe. "Chetui!" Akapita mweusi.

Chini yake alisimama nyanyake, Kogo Rebeccah, mwanamke mfupi mwenye masikio yaliyotobolewa ya kizamani na kibuyu cha maziwa mkononi. Mimi nilisahau ugomvi wangu wote. Mwanafunzi wangu anaongea! Mwalimu ni mwalimu, nikajikuta nimenyoosha kidole kwa furaha, nikaanza kumsaidia kwa sauti, "Moja! Mbili! Ta..."

Kogo Rebeccah alinifikia kabla sijamaliza. Sijui mtu wa umri ule alitoa wapi mbio. Mkono wake ukanifunika mdomo, ukinuka moshi na maziwa, akanibana hivyo hivyo kwenye ua.

"Wewe!" akasema. "Unataka kumaliza hata hii imepaki?"

Janeffer akatoka jikoni akikimbia. Akamwona mama mkwe wake amenifunga mdomo, akajishika kichwa. "Kogo, mwachilie! Ni Mwalimu!"

"Najua ni Mwalimu! Ni yeye alihesapu ng'ombe yetu na makofi! Kama mnada! Ntama amekufa juu ya hiyo kelele!" Akaniachilia, lakini akabaki na kidole chake mbele ya pua yangu. "Kitu iko na pumzi haihesapiwi. Ng'ombe haihesapiwi. Mtoto haihesapiwi. Ukisema mpele ya watu niko na hii na hii na hii, kifo inasikia, inajua kwenye itaanzia. Na sasa unataka watoto ya watu yote wasimame kanisani wahesapiwe! Hata Daudi mwenyewe alihesapu watu ya Mungu, ugonjwa ikakuja ikawamaliza. Wewe ni nani kushinda Daudi?"

Daudi yule. Daudi wa kuhesabu watu. Nikashika ua.

"Ni hiyo tu?" nikauliza.

"Hiyo tu?" Kogo akamgeukia Janeffer. "Ati hiyo tu!"

"Si kwa sababu mimi ni Mkikuyu?"

Kogo alinitazama. Akamtazama Janeffer. Kisha akauliza, na hakuwa anatania hata kidogo, "Ukikuyu imeingia hapa kupitia wapi?"

Janeffer ndiye aliyeelewa. Nilimwona akielewa, uso wake ulibadilika, akaketi kwenye gogo la kupasulia kuni. "Mwalimu," akasema, "sisi tuliogopa kukuambia. Nyinyi mmerudi juzi tu. Tukasema, mtu akienda kwa Mwalimu amwambie umekosea, atafikiria tunamfukuza. Atapeba vitu yake aende. Mzee Johana akasema tunyamaze tu. Tuweke watoto nyumpani mpaka hiyo Jumapili ya kuhesapu ipite. Halafu Jumatatu tuwarudishe wote, kama hakuna kitu imefanyika."

"Jumatatu?" nikasema.

"Jumatatu asupuhi."

Jumatatu asubuhi lori la Molo lingekuwa mlangoni petu. Watoto wangeingia kwa mlango mmoja, nasi tunatokea kwa mwingine, na kila upande ungeamini mpaka kufa kwamba uliachwa na mwenzake. Nikakaa chini kwenye nyasi nikacheka mpaka machozi yakatoka, na nilipojaribu kuyazuia nikagundua kwamba sicheki tena. Niliwaambia yote: lori, turubai, Baba na benchi lake la mwisho. Janeffer alilia pia. Kogo alikamua ng'ombe, maana ng'ombe hangoji watu walie.

Hata hivyo mimi si mtu wa kushindwa bila kubisha. Nilipopata pumzi nikamwambia, "Lakini Kogo, na yule mchungaji wa Yesu? Aliyekuwa na kondoo mia, mmoja akapotea, akaenda kumtafuta? Asingehesabu angejuaje kwamba mmoja hayupo?"

"Alikuwa anawajua," akasema bila kuinua kichwa. "Angekuwa anahesapu tu, angenunua ingine, hesapu itimie."

Nilikuwa na jibu. Nina hakika nilikuwa nalo. Lakini akaendelea kukamua na kuongea. "Mimi nikisimama hapa jioni sihesapu. Naangalia tu mahali ya ule hayuko. Ng'ombe akikosa, mahali yake inaonekana, kama jino imetoka. Nyinyi mlipoenda ule mwaka, tuka ilikuwa imepaki kuta, na mimi nikipita hiyo parapara nilikuwa naona mahali yenu." Akasogeza kibuyu. "Hatukuja kuwatafuta. Hiyo ndiyo mpaya. Hiyo Mungu atatuuliza."

Miaka mitatu nilikuwa nimengoja mtu aseme neno kama hilo, na sasa limesemwa nyuma ya kiwele cha ng'ombe, nami sijui niweke mikono wapi.

Nyumbani nilimkuta mama akiwa na kuku. Nikasimama nyuma yake nikamsikiliza mpaka mwisho: tisa, tisa iliyojaa.

"Mama, kwa nini husemi kumi?"

Akageuka kana kwamba nimemuuliza kwa nini anapumua. "Kitu chenye pumzi hakisemwi kumi. Nyanyako angenichapa."

"Kwa nini hukuwahi kuniambia?"

"Ulikuwa umesoma," akasema, akafunga banda.

Baba alinisikiliza yote, kisha akasema ni maneno ya zizini, na kwamba mwanamke mmoja mzee si kijiji. Hakugusa turubai. "Kesho nitakaa pale pale ninapokaa," akasema. "Nitaona kwa macho yangu." Nami sikuweza kumlaumu. Kwa kweli hata mimi nilikuwa nusu nimeamini, nusu nimechanganyikiwa zaidi ya mwanzo. Hasira ya mtu unaweza kuikimbia. Ukimya wa mtu anayekuonea huruma utaukimbiaje?

Jumapili kanisa lilijaa watu wazima. Mama alibaki nyumbani kufunga vyombo. Steve na Phelix walikaa benchi la mbele peke yao, na Phelix akanishika kidole. Wimbo wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha, Mzee Johana akaomba sala ndefu kuliko zote za mwaka ule, na mlango haukufunguka. Nilitazama nyuma. Baba alikuwa akitazama saa yake ya mkononi.

Nikasimama. Nikasema, "Leo hatutahesabu kitu chenye pumzi. Si leo, na si siku nyingine katika darasa langu. Mahindi tutahesabu. Mawe tutahesabu. Vifuniko vya chupa za soda tutahesabu hadi vituchoshe. Nilikosea, na hakuna aliyeniambia, na mkinificha watoto tena mjue mimi nina hasira." Mtu akacheka upande wa wanawake. Nikafungua Biblia nikasoma habari za yule mchungaji na kondoo wake mmoja.

Sijui nilikuwa mstari wa ngapi niliposikia miguu. Walikuwa wamengoja nyuma ya kanisa, chini ya ukuta, mpaka wasikie nitasema nini. Kogo Rebeccah aliwatangulia. Wakaingia na vitu vyao vya udongo vifuani, Nelvine na Kimeli na wote, wamepakwa mafuta hadi wanang'aa, wakapanga vyote juu ya meza ya madhabahu.

Kipkurui akatoka mbele. Akatazama vidole vya miguu yake. Nikaomba moyoni, Bwana, mpe ile sauti ya langoni. Akainua kichwa, akaweka mkono juu ya ng'ombe wa kwanza.

"Chelel!" akaita. Wanawake wakashtuka. Hakuna aliyekuwa amemsikia mtoto yule akiongea mbele ya watu. "Chetui!" Akamwita kila mmoja kwa jina, na aliyekuwa amekufa pia akamwita, polepole. Kisha Nelvine akawaita ndugu zake, na Kimeli mbuzi wake, na Steve akaita kuku wa nyanyake kwa majina aliyoyatunga pale pale, na Phelix akaita wachuma chai wa baba yake. Kila aliyemaliza alichukua vyake. Meza ikabaki tupu.

Haikuwa tupu. Alibaki ng'ombe mmoja, wa kahawia, pembe moja imepinda, na kichwani amefungwa kipande cha kitambaa cha buluu. Nina kitambaa cha buluu. Huwa sikivui.

"Huyu ni wa nani?" nikauliza. "Nani hajamwita wake?"

Watoto wakaanza kuchekacheka. Kipkurui akarudi mbele.

"Hiyo ni wewe, Mwalimu," akasema kwa sauti ile ile ya langoni. "Kogo amesema lazima uwe ndani. Ndiyo jioni akiangalia, ajue kama hauko."

Nililia mbele ya kanisa zima na sikujifuta. Nilipoweza kutazama nyuma, benchi la mwisho lilikuwa wazi. Baba alikuwa ametoka.

Nilitembea haraka kwenda nyumbani, ng'ombe wangu mfukoni, sijui kama alitoka kwa hasira au kwa nini. Nilimkuta nyuma ya duka amepiga magoti juu ya turubai, amenipa mgongo, na mama amesimama mlangoni na sufuria mkononi, amechanganyikiwa kuliko mimi.

"Haya, niambieni," mama akasema. "Watoto walikuja wangapi?"

Nikafungua mdomo. Baba akanitangulia kujibu, bila kugeuka, vidole vyake vikifungua fundo la kamba.

"Hakuna aliyekosekana," akasema.